Maji ya Chai

Stoo ya chaki ndiyo zahanati yangu, kila Jumatano:
mizani, tochi, dawa za minyoo,
na foleni ya darasa la tatu
inayonuka moshi wa kuni na uji.

"Fungua mdomo, Akundaeli."
Anafungua kidogo, kama mlango wa mdaiwa,
kisha kiganja kinaziba.
Meno ya kahawia. Ya kwangu pia:
tumenywa kisima kimoja, miaka tofauti.

Uzito nimeandika. Masikio, safi.
Penye meno kalamu imegoma.
Hakuna kidonge cha kung'arisha maji ya jana.

Basi nikacheka, meno yote nje.
Akayatazama kama anayahesabu.
Kiganja kikashuka, polepole,
hadi kwenye kaptura, mfukoni.

Anayefuata anaingia, tayari ameachama.