Mikono ya Walburga

Jumamosi Kuu, kabla moto haujawashwa,
Katekista Otmar alitwambia sisi wa mabenchi ya mbele:
siku ile tutapewa miili isiyo na doa,
kunyanzi hakuna, kovu hakuna, jino bovu hakuna.
Watu wakaguna kwa raha.
Mzee Meinrad akalipapasa goti lake.
Mimi nikajifunika kanga usoni.

Maana mama yangu amelala hapahapa Ndanda,
safu ya tatu, nyuma ya mashine ya kukoboa,
na mama yangu bila makovu simjui.

Miaka kumi na tisa Walburga alibangua korosho za watu,
amekalia ndoo iliyopinduliwa, rungu mkononi,
utomvu wa maganda ukimla vidole.
Alipaka majivu. Alipaka mafuta ya nazi.
Vikababuka, vikaota ngozi, vikababuka tena,
mpaka ncha zake zikawa nyeusi, laini kama kokoto za mtoni.
Mwaka wa kujiandikisha kura mashine ilimkataa.
Aliweka dole gumba, akaweka cha shahada,
akajaribu na mkono wa kushoto.
Karani akasema, "Mama, wewe huna alama."
Alicheka njia nzima hadi nyumbani.
"Serikali hainioni," akasema,
"Mungu naye atanijulia wapi?"

Ulikuwa mzaha.
Ila tangu tumzike, mzaha ule umenikaa kooni
kama mwiba wa samaki: kumeza siwezi, kutema siwezi.

Siku ya kumwosha, jirani yetu Somoe,
ambaye sala yake si sala yetu,
alileta maji ya moto na malimau mawili.
Tukasugua, tukasugua. Weusi haukutoka.
Somoe akaweka limau chini.
"Mwacheni aende nayo," akasema. "Ni yake."

Basi usiku ule wa mkesha, mvua ikitiririka kutoka uwanda wa juu,
kanisa zima giza, watoto wamelala miguuni mwa watu,
Padri aliushika mshumaa mpya, mrefu, mweupe,
haujawahi kuwaka hata mara moja,
akauchomeka chembe tano za ubani.
Moja. Mbili. Nilihesabu kwa midomo.
Mshumaa mpya, na tayari una majeraha.
Ndipo nikakumbuka: aliyetoka kaburini alitoka na matundu yake.
Kifo alikiacha mle ndani pamoja na sanda,
matundu akaja nayo,
akamwambia Tomasi, lete kidole.

Baada ya misa nilimfuata Otmar chini ya upenu.
"Mwalimu, mbona Yeye alirudi na makovu?"
"Yale ni ya utukufu."
"Na ya mama yangu je?"
Akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa,
ikazidi ukungu.
"Hilo," akasema, "nitamwuliza Padri."
Hadi leo hajaniletea jibu, na sijamdai.

Jumanne nilirudi kwenye ndoo ileile.
Nami vidole vyangu vimeanza.
Simu niliyonunua kwa pesa za msimu
inataka kidole ili ifunguke; haifunguki.
Siku nyingine siamini kitu.
Nabangua, nahesabu kilo, jioni naota moto.
Kaburi nalo lipo, udongo wake umeshuka kidogo upande wa kichwa,
na mvua haijali.

Lakini nikiamini, naamini hivi.
Hakutakuwa na mashine mlangoni, wala karani.
Mtu mmoja, viganja vyake vimetobolewa,
atasimama nyuma ya mashine ya kukoboa, safu ya tatu,
na hataomba alama.
Ataita jina tu, kama alivyomwita yule Maria bustanini
aliyedhani anaongea na mtunza shamba:
"Walburga!"

Naye mama, kabla hajainua uso,
atafuta mikono kwenye kanga, kama kawaida yake,
ile mikono isiyofutika,
aitike:
"Bee!"