Karatasi ya Jumanne

Chembe nyeupe, elfu themanini na sita.
Baba anaisoma namba kwa sauti, taratibu,
kama alivyosoma mizani ya shaba kiwandani
miaka thelathini, chaki nyuma ya sikio.
"Imepanda," anasema.
Zamani ikipanda tulipata bonasi,
gunia la unga, viatu vya shule.

Mwilambwe wa maabara anakwepa macho yangu.
Tone limekauka juu ya kioo, kama punje ya lengalenga.
Ameziona humo, anasema, chembe changa mno,
zimetoka kwenye uboho kabla ya kukomaa,
kama watoto wanaoshuka mashimoni
hawajajua bado kuandika majina yao.

Bandama imevimba. Baba amelegeza mkanda matundu mawili,
anasingizia bukari ya mama.

Kipimo kile kingine, cha vinasaba, hapa hakipo.
Damu yake itavuka Kasumbalesa ndani ya sanduku la barafu,
yeye ambaye hajawahi kuwa na pasi.

Tunarudi Katuba kwa miguu.
Bomba refu la kiwanda limesimama, halitoi kitu.
Ukutani, chini ya namba tano za zamani,
anaandika ya sita kwa chaki,
kisha anapangusa vumbi hapo chini,
mahali pa Machi.