Dirisha la Sita

Al-Khuweir, saa mbili asubuhi. Kiyoyozi
kinatetemesha karatasi kana kwamba zina homa.
Mashine ya foleni imemtemea arubaini na moja
Bi Zamzam binti Msellem, kutoka Ibra,
na mfuko wa duka la dawa,
na ndani ya mfuko fomu yetu, nakala tatu.

Ni mara ya sita. Namjua kwa viatu.

Swali lake ni fupi kuliko jina lake:
usiku ule wadi iliposhuka,
barabara ilifungwa saa ngapi?
Basi. Haulizi nani. Hataki fidia,
aliandika hivyo kwa kalamu ya buluu
pembeni, palipoandikwa *Kwa Matumizi ya Idara*.

Mara ya kwanza tulimwambia: si idara hii.
Ya pili: ni idara hii, ila si fomu hii.
Ya tatu fomu ilikuwa yenyewe, mhusika yuko likizo.
Ya nne simu yake ililia: *Ombi lako limekamilika*.
Akatoka Ibra alfajiri,
kumbe kilichokamilika ni kulipokea.
Ya tano akapewa ukurasa,
halali, wenye muhuri,
mistari kumi na tisa, kumi na saba imezibwa kwa wino mweusi.
Ikabaki tarehe
na *wabillahi taufiki*.

Leo anasoma jina langu kifuani.
Anakiweka Kiarabu chake kando, kama mtu avuaye viatu mlangoni:
"Mwanangu, ukoo wenu naujua, kwenu mwasema Kiswahili.
Nambie wewe. Saa ngapi?"

Nikamjibu kwa Kiarabu,
Kiarabu cha dirishani, kilichonyooka kama kanzu ya dobi:
ombi lako linafanyiwa kazi.

Nilijibu hivyo kwa sababu najua.
Kalamu ile nyeusi niliishika mimi.
Nilitoka juu nikishuka,
na kwenye mstari wa kumi na moja jicho liliuwahi mkono:
mlinzi wa kivuko alipiga simu saa saba na dakika kumi.
Amri ya kufunga ilitoka saa tisa kasorobo.
Gari la mwanawe, Yarub, lilipita humo katikati,
mtu akisubiri saini ya mtu.

Siri gani hiyo? Adui gani atavuka mpaka
kwa kujua kwamba mkubwa fulani alikuwa amelala?

Hakulia. Angelia ningepata la kufanya,
ningemletea maji.
Alipitisha kidole juu ya weusi.
"Wino wenu mzuri," akasema. "Hauchuji."

Akishageuka, ndipo ulimi wa mama yangu uliponitoka,
chini chini, kwenye kioo:
"Bi Zamzam. Karatasi yetu ni nyepesi.
Na jua la nje ni kali."

Sijui kama alisikia.
Sijui kama inaonekana.
Nilibonyeza kitufe,
na arubaini na mbili akaja, ana swali la kisima.