Asilimia Tatu

Saa nane usiku umeme ulikatika Iyunga.
Jenereta likakohoa mara mbili, kama mlevi, likalala.
Friji ikaacha kunguruma, nikabaki na vichupa ishirini na vinne
vinavyotaka nyuzi nne, si tano, si tatu.
Ni Julai. Nikafungua dirisha,
nikavipanga ukingoni, nikauambia mlima Loleza:
nishikie hivi mpaka asubuhi.

Mlima ukashika.
Nilikesha nimejifunga kitenge juu ya koti jeupe,
nikifungua kioo kidogo, nikifunga kidogo,
kipimajoto mkononi kama mzazi mwenye mtoto wa surua.

Ndani ya kila kichupa mna neno moja: nyamaza.
Uzi mfupi wa RNA, herufi ishirini na moja,
umetumwa kwa jeni moja inayopiga kelele kwenye uvimbe wa pafu.
Hauui. Haukati. Ni nyamaza tu,
ile ile aliyotuambia mama tulipomzika baba,
mkono wake migongoni mwetu, mwenyewe akilia.

Lakini neno haliendi kwa miguu.
Likiingia damuni peke yake, vimeng'enya vinalitafuna
kabla hujamaliza kusema "nya".
Kwa hiyo nina mpagazi: polima,
mnyororo wenye chaji chanya unaokumbatia hasi ya uzi
hata viwe punje moja, nanomita tisini.
Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi.
Hawakusema mwepesi kuliko vumbi apewe nani.

Mama hufungasha maparachichi Kiwira, mwaka wa thelathini huu.
Nilipomweleza kazi yangu hakushangaa.
"Ukikaza, yanavilia. Ukilegeza, yanafika Dar yamekuwa uji.
Na asiyeweza kufungua fundo lako, Tusubilege,
atalikata kwa kisu, na kisu kitaingia ndani."

Polima ya kwanza ilikaza: ilifika, ikagoma kuachia.
Ya pili ililegea, ikamwaga mzigo mlangoni mwa figo.
Ya tatu ilijaa chanya mno, ikapasua utando wa seli,
mpagazi anayebomoa nyumba aliyotumwa kubisha hodi.
Nyingine sizisemi.
Hii ni ya saba.

Alfajiri umeme ukarudi. Nikapima: tisini na mbili.
Punje hazikugandana. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kisha panya namba kumi na moja, chini ya kamera.
Rangi tuliyoifunga pamoja na mzigo huwaka pale ulipofika.
Ini liliwaka kama Mwanjelwa usiku wa kuamkia Krismasi.
Wengu uliwaka kidogo.
Pafu, giza.

Damu ilimvisha mpagazi wangu koti la protini lisilo lake,
na ini, linalomjua kila mgeni kwa koti,
likamwita: karibu, keti, utakwenda wapi na jua hili?
Dokta Mwasenga akahesabu mara mbili, akaandika:
pafuni, asilimia tatu.

Watu husema nimekatwa maini.
Mimi yangu yalikatwa na ini la panya.

Nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia makreti.
"Katika lori zima," akasema, "mangapi unadhani yanabaki tukala sisi?
Tatu ni nyingi. Mwaka ule wa homa, dawa zilizotajwa redioni,
zahanati yetu ilipata chupa mbili. Moja ilikuwa imepasuka."
Akakata; mzani ulikuwa unamngoja.

Sikujua amenifariji au amenipa kazi nyingine.

Ubaoni nimechora ya nane,
mkia mrefu zaidi kwa nje, ili koti lisipate pa kushika,
na fundo linalofunguka likionja uchachu wa ndani ya seli.
Itakaa siku ngapi bila friji? Hilo pia nimeliandika,
pembeni, kwa kalamu nyekundu, na jina la Kiwira.

Ukingoni mwa dirisha pamebaki duara ishirini na nne za umande.
Fundi wa usafi amekuja na kitambaa.
Nimemwambia aanzie chumba kingine.