Futi ya Nani

Dalali Byregowda alipokuja kununua
alisema ekari.
"Ekari moja, Mama, jumla jumla,"
akaitamka kama mtu anayetaja gunia
bila kulifungua.

Sisi wa Kolar huhesabu kwa gunta.
Gunta ni futi thelathini na tatu kwenda,
thelathini na tatu kukata;
zidisha: elfu moja themanini na tisa.
Gunta arobaini zikikaa pamoja ni ekari,
arobaini na tatu elfu, mia tano na sitini.
Nilikariri darasa la sita,
mwalimu Puttaraju akigonga meza kwa rula
kila tulipofika kwenye sitini.

Mama hakukariri.
Alijua gunta ya mashariki hutoa madebe saba ya ulezi,
na ile ya kisimani matano, pamoja na magugu,
na kwamba miforosadi ya mpakani
hulisha trei tatu za viwavi wa hariri
mpaka walale usingizi wao wa nne.

Jioni ya kuamkia siku ya saini akauliza,
"Hiyo futi, ni mguu wa nani?"
Nikasema nadhani ni wa Mwingereza fulani, wa zamani.
"Alivaa viatu?"
Sikujua.

Basi akavua ndala, akabana sari magotini,
akaipima gunta ya kisimani:
kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole,
mikono imetandazwa kama anayevuka gogo.
Nyayo arobaini na nne kwenda.
Nyayo arobaini na nne kukata.
Nikatoa simu nikakokotoa:
mguu wa mama yangu ni inchi tisa kamili,
na kwa miguu yake ekari yetu
ni nyayo sabini na saba elfu, mia nne na arobaini.
Nilifurahi kama mjinga.
Shamba lilikuwa limenenepa usiku mmoja
bila mbolea.

Asubuhi karani akaandika: ekari moja.
Laki tisini. Mama akabonyeza dole gumba
kwenye wino, kisha kwenye karatasi,
akalifuta kwenye nywele zake.

Miezi mitano, bango likasimama penye miforosadi.
Byregowda alikuwa amebadili lugha.
Hakuna ekari tena, hata gunta hakuna:
VIWANJA, THELATHINI KWA AROBAINI,
FUTI MOJA RUPIA ELFU MBILI.
Gunia limefunguliwa,
sasa linauzwa kwa kibaba.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nagawanya.
Sisi alitulipa, kwa kila futi,
rupia mia mbili na sita na paisa sitini na moja.
Viwanja ishirini na vinne,
kila kimoja futi elfu moja na mia mbili;
zilizobaki, elfu kumi na nne na mia saba sitini,
ni barabara na mtaro,
ambazo hakuna anayezinunua na wote wanazipita.
Nikapata laki mia tano sabini na sita.
Nikarudia. Ikawa ileile.
Sikumwambia Mama.
Nilifunika hesabu kwa kikombe.

Jana akataka kupaona.
Kiwanja namba tisa, palipokuwa kisima,
mwalimu mmoja kutoka Bangalore ameweka vigingi na kamba,
anatandika matofali ya kwanza.
Mama akamwomba ruhusa. Akavua ndala.
Upana: nyayo arobaini, sawasawa,
akatabasamu, "Kama gunta ndani ya ekari."
Yaani alikuwa anasikiliza, miaka yote ile,
nilipokariri nikichambua ulezi.

Kisha urefu.
Hamsini. Hamsini na moja. Mbili. Tatu.
Akasimama. Kamba ilikuwa bado haijafika.
Akaweka mguu wa mwisho taratibu,
theluthi moja ndani ya kamba,
theluthi mbili barabarani,
akakaa hivyo, haendi mbele, harudi,
mwenye kiwanja akisubiri kwa adabu
na tofali mkononi.