Zamu ya Thelathini na Tatu

Ngome ni boksi la friji. Nimelipaka chokaa na bizari
hadi likashika rangi ya jiwe lililolambwa na chumvi.
Bahari ni kitambaa cha meza, cha plastiki,
kina doa la mchuzi pale hasa
meli za Goa zinapotia nanga.
Askari nimewaunda kwa risasi ya kulehemu,
kwa kibanio kile kile cha dukani
kinachonyofoa akrabu za saa za watu.

Khelef yuko nje na Waomani, mimi niko ndani.
Tulirusha shilingi kuamua.
Kila Alhamisi baada ya isha, zamu moja; kila zamu, mwezi.
Barke huleta chai: "Hamjamalizana tu?
Na hawa watoto wale wapi?"
Kisha huitua birika juu ya buruji.

Mizinga haikuniua sana.
Iliniua kanuni ya tauni:
dadu moja kwa kila chumba, ikitoka moja au mbili,
ondoa mtu.
Nikaondoa. Nikaondoa.
Kufikia Ramadhani kopo la maziwa limejaa Wareno,
na ukutani wamebaki wale niliowakata
kwa vifuniko vya soda, risasi iliponiishia.

"Hao nao ni nani?"
"Ni sisi. Watu wa hapa."
"Sisi gani?" Khelef akacheka hadi chai ikampalia.
"Nyanya yangu kazaliwa Kibokoni,
nami ndiye ninayekunyima maji!"

Zamu ya ishirini na tisa akapata kazi Maskati,
ya kuendesha kreni bandarini.
Sasa hunitumia amri kwa simu, usiku,
upepo ukivuma nyuma ya sauti yake,
nami huturushia sote wawili:
dadu lake la kijani, langu jeupe.

Jana ngazi zake zilikwisha kuegemea ukuta.
Alihitaji sita.
Dadu likabingirika, likaipita birika,
likaanguka, likaingia chini ya kabati.
Nikapiga magoti na tochi.
Vumbi, kifungo cha shati, sita.

Nyumba nzima imelala.
Nimeishika ngome hii miezi thelathini na mitatu
na hakuna aliyeniona nikiinama.

Nikaandika: *Sita. Ingia.*

Akakawia kujibu. Kisha:
*Umebaki na nani humo ndani?*

Nikahesabu. Vifuniko vitano
na kikombe cha Barke, kimesahauliwa uwanjani,
chai imeganda utando.