Bambo

Miaka ishirini na sita, ghalani Newala,
nimechoma bambo magunia ya watu.
Gunia likishashonwa halisemi kitu.
Natoa korosho chache, nazipasua kwa mkasi:
nyeupe, yenye doa, iliyosinyaa.
Naandika daraja. Mkulima ananikodolea macho
kama ninayesoma hukumu ya mwanawe.

Mwaka huu gunia ni mimi.

Mtwara mjini, nimelala ubavu,
bambo lao jembamba likachoma mara kumi na mbili,
likatoka na vinyama kama nyuzi za cherehani.
Daktari Namtukula akasema: saratani ya tezi dume,
changa, haijatoboa ganda.
Alikwishaandika kwa penseli:
Alhamisi, saa mbili, upasuaji.
Nikauliza habari ya mkojo. Akanijibu.
La pili nikalimeza, Somoe yupo.
Somoe akaliuliza yeye.

Daktari akagongagonga penseli mezani.
"Kipo kipimo cha vinasaba. Nyama hii hii
inapelekwa mbali. Hawatazami sura ya seli tu,
wanasoma tabia: ya mbio, au ya kusinzia."
"Bei?"
Akataja. Shemeji yangu akaguna:
kwa hela hizo, si wakate tu?

Wiki saba.
Mikorosho ikachanua, tukapuliza salfa,
ubwiri unga umeshapiga hodi;
kila mti niliopita
niliushuku.

Karatasi ikarudi. Daktari akaisoma mara mbili,
akatafuta kifutio droo nzima,
akafuta Alhamisi. Mikwaruzo ikabaki.
"Yako inasinzia. Tutailinda:
damu kila miezi sita, na picha.
Ikiamka, kisu kipo."
"Na karatasi ikikosea?"
"Hukosea. Hata mimi hukosea, bila karatasi."

Kwenye benchi nje alikaa Chipwaza wa Kitangari,
rika langu, vipimo vyake vya damu vizuri kuliko vyangu.
Yeye ndiye aliyeambiwa angoje, hana haraka.
Yake ikarudi ya mbio.
Alhamisi yangu akapewa yeye.
Tulipeana mikono, hatukujua nani ampe nani pole.

Mtaani wanasema nimekatiwa tamaa,
wamenirudisha nikafie nyumbani.
Msimu umefunguliwa. Nachoma bambo, napasua,
mkulima ananikodolea macho.
Chama kinakataza,
lakini siku hizi daraja
naliandika kwa penseli.